Neno la Muuguzi Lilivyopata Namba

Ukitoka Eldoret kuelekea Kapsabet utapita Mosoriot, mji mdogo wa Nandi uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Kituo chake cha afya kina nafasi ya pekee katika historia ya kazi ninayoifanya. Februari 2001 kiliwekewa mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa nje, miongoni mwa mifumo ya mwanzo kabisa ya aina yake kusini mwa Sahara. Ulikuwa tunda la ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na ulijengwa kwa Microsoft Access, programu ya kutunzia hifadhidata. Mgonjwa aliandikishwa, akapewa namba, akatembea na fomu yake ya karatasi kutoka chumba hadi chumba. Kila mhudumu alijaza sehemu yake kwa kalamu, na mwishowe karani akayaingiza yote kwenye kompyuta. Waliokuja kupima matokeo walikuta kwamba muda wa mgonjwa kukaa kituoni umepungua kwa asilimia 22, na muda wa kusubiri kwa asilimia 38.

Takwimu hizo hutajwa kila Mosoriot inapotajwa, na zinastahili. Ila mimi nilianza kama karani wa data katika zahanati nyingine ya Bonde la Ufa, na kila nikisoma habari za mradi ule macho yangu hutua kwenye fomu. Fomu ya karatasi ina ukingo, na wauguzi hawauachi mtupu. Zetu zilitufikia mezani zikiwa na wino wa bluu hata pale ambapo aliyezibuni hakutaka wino: mshale uliovuka visanduku viwili, jina la dawa ambayo haikuwa kwenye orodha, neno "angalia nyuma" na nyuma yake aya nzima.

Kisanduku kilichokuwa na vita kubwa kuliko vyote ni cha tarehe ya kuzaliwa. Anakuja bibi ambaye hakuzaliwa hospitalini wala hakuwahi kupata cheti. Anajua alizaliwa mwaka wa njaa fulani, basi. Muuguzi, kwa uaminifu wake, anaandika pembeni: "miaka 60 hivi". Kompyuta haikubali "hivi". Inataka siku, mwezi na mwaka, la sivyo haihifadhi kitu. Foleni imefika mlangoni, kwa hiyo karani anaweka tarehe mosi Januari na kusonga mbele. Yeyote aliyewahi kufungua data za zahanati zetu amewakuta wazee hao, umati mzima uliozaliwa Januari mosi. Neno la muuguzi, lililokuwa kweli tupu, liliishia kwenye faili, faili likaenda masjala, na aliyeiandika programu hakulisikia kamwe.

Historia ninayotaka kuieleza ni ya maandishi hayo ya pembeni: yalivyotoka kwenye ukingo wa karatasi yakapewa namba, mwenye kuyashughulikia, na mahali ambapo aliyeyaandika anaweza kwenda kuona yamefikia wapi. Watu wengi wakisikia habari za programu za kuendeshea miradi, kina Jira, Trello na GitHub, huona ubao wa kadi za rangi na mameneja wanaopenda ripoti. Mimi naona kitu kingine kabisa. Naona jibu lililochelewa mno la sanduku la maoni.

Sanduku hilo kila mtu analijua. Lipo mapokezi katika ofisi za umma kutoka hapa hadi Mtwara, la mbao, lina upenyo juu na kufuli ubavuni. Unaandika dukuduku lako, unatumbukiza, unaondoka. Ufunguo unao mkubwa wa ofisi. Labda karatasi yako imesomwa, labda imetiwa kapuni, labda sanduku halijafunguliwa tangu mkubwa aliyepita ahamishwe. Tatizo la sanduku halijapata kuwa uhaba wa maoni, kwa maana watu wetu wana maoni tele. Kinachokosekana ni njia ya kurudi.

Wa kwanza kuifikiria njia ya kurudi kwa upande wa kompyuta walikuwa vijana. Aprili 7, 1969, Steve Crocker, mwanafunzi wa uzamili katika chuo cha UCLA, California, alitoa waraka wa kwanza wa mfululizo ambao hadi leo unajulikana kwa herufi RFC, yaani ombi la maoni. Yeye na wenzake wachache walikuwa wamepewa jukumu la kuziunganisha kompyuta za vyuo na vituo vya utafiti katika mtandao uliokuja kuzaa intaneti, na hakuna aliyekuwa amewaambia rasmi kwamba wao ndio wakubwa. Waliogopa kumkwaza mtu. Ndiyo maana hawakuandika amri. Waliomba maoni, na kila waraka wakaupa namba. Waraka wa tatu uliweka taratibu: yeyote katika vituo vile aruhusiwe kuandika, na wazo litolewe mapema hata kama halijanyooka, badala ya kungojwa mpaka ling'are. Nimefanya kazi na wakuu wa miradi ambao wangefaidika sana na ukurasa huo mmoja.

Miaka saba baadaye, mwaka 1976, Michael Fagan wa kampuni ya IBM alichapisha makala kuhusu namna ya kukagua programu kabla haijatumika. Njia yake ilikuwa ya kikao. Wanaketi watu wachache, kila mmoja na kazi yake: wa kuongoza, aliyebuni, aliyeandika msimbo, na wa kuujaribu. Wanaupitia msimbo mstari kwa mstari, na kikao hakizidi saa mbili kwa sababu baada ya hapo macho yanachoka. Makosa yanatajwa na kuandikwa. Kuyarekebisha ni kazi ya baadaye, si ya pale mezani. Na Fagan alisisitiza jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: makosa yaliyopatikana kikaoni yasitumiwe kumpima mfanyakazi. Siku meneja atakapoyahesabu ili aamue nani apandishwe cheo, watu watafichiana makosa, na kikao kitakuwa kimekufa. Jambo hili limesemwa karibu nusu karne iliyopita, na bado nakutana na ofisi zinazohesabu hitilafu kwa majina ya watu.

Lakini kikao cha Fagan kilihitaji watu wawe jengo moja. Umbali ndio uliolazimisha mambo yabadilike.

Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliwatangazia watu wa mtandaoni kwamba anatengeneza mfumo endeshi kama burudani tu, na katika tangazo hilohilo akawaomba wamwambie wanachokipenda na wasichokipenda katika mfumo uliokuwapo wa Minix. Yaani Linux, ambayo leo inaendesha seva nyingi za dunia na iko chini ya kila simu ya Android mfukoni mwetu, ilijitambulisha kwa kuomba maoni. Kazi yake ikaenda kwa barua pepe. Ukitengeneza kiraka, yaani badiliko la msimbo, unakituma kwenye orodha ya wote. Mwenzako huko Australia anainukuu mistari yako na kukujibu chini ya mstari husika, kila mtu akiona. Hii ni njia nzuri ajabu, na mpaka leo wenye Linux hawajaiacha. Udhaifu wake ulikuwa kimya. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 viraka vilikuwa vingi kuliko macho ya mtu mmoja. Unatuma, hujibiwi. Unatuma tena. Hujui umekataliwa au umesahauliwa. Mwaka 2002 malalamiko yalipamba moto kiasi cha kupendekezwa awekwe mtu maalumu wa kuvipokea viraka vinavyopotea, na mwaka huohuo Torvalds akaanza kutumia BitKeeper, programu ya kampuni binafsi, kupanga kazi. Aprili 2005 ruhusa ya kuitumia bure ilipoondolewa, aliandika yake mwenyewe kwa siku chache akaiita Git. Iliingiza msimbo wake wenyewe mara ya kwanza Aprili 7, tarehe ileile ya waraka wa Crocker.

Wakati wenye Linux wakihangaika na viraka, jirani yao alikuwa ameshaamua kuhusu malalamiko. Debian, mradi wa watu wa kujitolea wanaokusanya na kusambaza programu huria, ulikuwa na daftari la hitilafu linalopokea barua pepe na kuipa kila hitilafu namba yake. Julai 1997 walipitisha mkataba wa kijamii, na kifungu chake kimoja kinaahidi kwamba hawataficha matatizo: daftari lote la hitilafu litakuwa wazi kwa umma wakati wote. Naomba msomaji atafakari uzito wa ahadi hiyo. Ni sawa na hospitali ibandike malalamiko yote getini, yenye tarehe, na chini ya kila moja iandike imefanya nini. Wakubwa wengi wangeugua wakifikiria tu. Hawa walijifunga wenyewe, kwa maandishi, bila kusukumwa na serikali wala mfadhili.

Mwaka uliofuata ahadi hiyo ilipata sura ya kubofya. Kampuni ya Netscape ilipoutoa hadharani msimbo wa kivinjari chake mwaka 1998 na mradi wa Mozilla kuzaliwa, Terry Weissman aliandika programu ya kufuatilia hitilafu ikaitwa Bugzilla. Mtu yeyote mwenye intaneti angeweza kujiandikisha na kuripoti. Ripoti yake ilipata namba, ikapata mtu wa kuishughulikia, na juu ya yote ikapata hali. Hapo ndipo kazi ilipobadilika. Ripoti ilikuwa mpya, au imekabidhiwa, au imetatuliwa. Na ikitatuliwa lazima isemwe kivipi: imerekebishwa, ni marudio ya ile ya namba fulani, haitarekebishwa, au kwangu inafanya kazi vizuri. Yaani hata kukataa kulipewa kisanduku. Hukuweza tena kumkatalia mtu kwa kukaa kimya, maana kimya chako kilionekana: ripoti yake ilibaki wazi, tarehe ikizeeka machoni pa wote.

Kutoka hapo programu za aina hiyo ziliongezeka haraka. Kampuni ya Atlassian ya Sydney ilitoa Jira mwaka 2002, nyingine zikafuata, na hazinihitaji kuzieleza moja moja. Nataka nirudi Eldoret.

Mradi wa AMPATH, uliokuwa ukitibu watu wenye virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya chini ya ushirikiano uleule wa Moi na Indiana, ulikuwa ukipokea wagonjwa kwa kasi ambayo mfumo wa Access haukuumbwa kuihimili. Februari 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari na wataalamu wa mifumo kutoka taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, walifika Eldoret kuliangalia tatizo. Walihitimisha kwamba kuukarabati ule wa zamani hakutoshi. Lazima ujengwe msingi mpya. Mwaka huohuo walikutana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, aliyekuwa na shida kama hiyo katika nchi nyingine, wakaona hakuna sababu ya kila mmoja kujenga wake. Ndivyo ilivyozaliwa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu, Rwanda. Mifumo ya KenyaEMR na UgandaEMR inayotumika katika vituo vya Kenya na Uganda imejengwa juu ya msingi huohuo.

Ukifungua hifadhidata ya OpenMRS ukaenda kwenye jedwali la watu, utakuta safu ya tarehe ya kuzaliwa, na jirani yake safu nyingine ndogo inayobeba ndiyo au siyo: je, tarehe hii ni ya kukadiria? Nilipoiona mara ya kwanza nilisimama kitini. Ile "hivi" ya muuguzi imepata safu yake! Bibi anaweza kuandikwa umri wake wa kukisia, na kompyuta ikabeba kisio kama kisio, bila kujifanya kwamba siku ya kuzaliwa inajulikana. Hakuna mtaalamu anayeweza kulibuni hilo akiwa ofisini peke yake. Hilo linatoka kwa watu waliokaa na fomu.

Mradi unaoandikwa na watu wa Indianapolis, Boston, Eldoret, Kampala na Kigali hauwezi kuendeshwa kwa kikao cha Fagan. Ulihitaji daftari la wazi. OpenMRS walianza na programu iitwayo Trac, kisha wakahamia Jira, na utaratibu wao naujua vizuri kwa sababu ndio ulionifunza kazi. Jambo likiripotiwa huwa tiketi. Kwanza tiketi hukaa katika hali ya kusubiri tathmini, mpaka mtu mwenye uzoefu aisome na kuamua kama inaeleweka. Ikieleweka inatangazwa kwamba iko tayari kufanyiwa kazi, na hapo yeyote, hata mwanafunzi wa chuo ambaye hajawahi kuonana na mtu wa mradi, anaweza kubofya na kuichukua iwe yake. Akimaliza, msimbo wake unapelekwa kupitiwa na wengine. Wakiridhika, tiketi inafungwa. Kuna tiketi ambazo huwekewa alama maalumu ya kuwafaa wageni, ndogo ndogo, ili anayeanza asipotelee kwenye msitu. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wameingia katika uandishi wa programu kwa mlango huo.

Kazi yangu siku hizi ni kusimama kati ya kituo cha afya na daftari hilo. Muuguzi hafungui Jira. Ana simu ya mezani au ana WhatsApp, na ana foleni. Anapiga:

"Mwanangu, mfumo wenu umekufa tena."

"Pole sana, Sista. Ulikuwa kwenye ukurasa gani?"

"Ule wa dawa. Nikibofya pale pa kuhifadhi kinazunguka tu."

"Stima ilipotea kabla ya hapo?"

"Ilipotea, ikarudi. Sasa huyu mama nimpe dawa ama nimwambie arudi kesho?"

Kwanza nashughulika na huyo mama, kwa sababu mgonjwa hangoji tiketi. Halafu naandika. Tiketi iliyoandikwa "mfumo haufanyi kazi" ni ya bure kama karatasi ya sandukuni. Ile inayofaa ina mambo matatu: mtu alifanya nini hatua kwa hatua, alitarajia nini kitokee, na kilitokea nini. Katika mazungumzo yale mafupi kiini ni stima. Umeme umekatika, ukurasa umebaki wazi, kikao cha mtumiaji kwenye seva kimekwisha, na programu haikumwambia. Maneno ya Sista nayanukuu kama alivyoyasema, kwa Kiswahili, kisha natoa maelezo kwa Kiingereza chini yake kwa ajili ya wasiokijua. Naona aibu kwa niaba ya mradi wowote unaomtaka muuguzi alalamike kwa lugha ya kuazima ili asikilizwe.

Katika hali zote za tiketi, iliyowaumiza watu wa vituo vya mbali kuliko nyingine ni ile ya "haikurudika", binamu wa ile ya Bugzilla ya "kwangu inafanya kazi". Mwandishi wa programu anafuata hatua zako kwenye kompyuta yake, hitilafu haionekani, anafunga. Hana ubaya. Ila kompyuta yake iko kwenye umeme usiokatika na intaneti isiyosuasua, na hitilafu zetu nyingi zinaishi humohumo katika kukatika na kusuasua. Kwa hiyo tulijifunza kuyaandika mazingira kama sehemu ya ushahidi: umeme ulikatika saa ngapi, modemu ya laini gani, watumiaji wangapi kwenye seva moja, kompyuta ina umri gani. Nimeona tiketi iliyofungwa mara mbili kwa "haikurudika" ikifunguliwa tena na mpimaji wa Uganda aliyeandika tu: chomoa waya wa mtandao katikati ya kuhifadhi. Ilirudika siku hiyohiyo. Yote matatu, kufungwa, kufungwa tena na kufunguliwa, yamebaki kwenye ukurasa ule kwa tarehe zake. Anayekuja kesho anajifunza.

Upande wa kupitia msimbo wenyewe, mabadiliko makubwa yaliletwa na GitHub, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008. Ilichukua Git ya Torvalds na kuijengea ukumbi. Mwaka 2010 walilifanya ombi la kuingiza msimbo kuwa mjadala kamili: mabadiliko yanaonekana, mistari iliyoondolewa kwa rangi nyekundu na iliyoongezwa kwa kijani, na mtu anaweza kuweka maoni yake kwenye mstari hasa anaousema. Mwaka 2016 wakaongeza hukumu rasmi: mpitiaji anakubali, anaomba mabadiliko, au anatoa maoni tu bila kuamua. Hiyo ya tatu naipenda. Inamruhusu mtu mdogo kusema analoliona bila kuonekana anamzuia mkubwa, na katika utamaduni wetu, ambako kijana hamkosoi mzee hadharani hivihivi, hilo si jambo dogo.

Tena kwenye heshima ndipo historia hii ilipoteleza vibaya. Katika orodha ya barua pepe ya Linux, kwa miaka mingi, ukali ulihesabiwa kuwa ndio ubora. Torvalds mwenyewe aliwatolea watu maneno makali mbele ya maelfu ya wasomaji, na wako waliojiondoa. Septemba 2018 aliomba radhi kwa maandishi, akasema anahitaji kwenda kujifunza kuelewa hisia za watu, akapumzika kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni mpya za mwenendo. Wako walionung'unika kwamba Linux italegea. Haikulegea. Ukali haukuwa umewahi kukamata hitilafu hata moja. Zilikamatwa na macho yaliyosoma kwa makini, na macho hayo yalikuwa yakifukuzwa. Fagan angelielewa hili bila kuelezwa.

Kwa wasiofanya kazi ya programu, mfano wa karibu ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Fungua makala yoyote, iwe ya Siti binti Saad au ya Mlima Meru, utaona juu pameandikwa "Majadiliano". Bofya. Huko ndiko watu wanakokosoana kuhusu makala hiyo, na historia ya kila badiliko imehifadhiwa, nani alibadilisha nini na lini. Kurasa nyingi za majadiliano ni tupu, na utupu huo unanisikitisha, kwa sababu makosa yamo na wenye kuyajua wapo.

Hapa kwetu nimeona safari ikirudi nyuma. Mradi mmoja niliowahi kuufanyia kazi ulikuwa na daftari zuri la tiketi, lakini wakuu waliona ni mzigo kuwafundisha watu wa vituoni, wakafungua kundi la WhatsApp la "maoni ya watumiaji". Wiki ya kwanza lilichangamka. Muuguzi anatuma picha ya skrini yenye kosa. Chini yake heri ya siku ya kuzaliwa, chini yake mchango wa mazishi, chini yake "asante kwa taarifa, tutafuatilia". Kufikia jioni ile picha imezama mahali ambapo hakuna atakayeifukua. Hakuna namba, hakuna mwenye nayo, hakuna hali. Wakubwa waliripoti kwamba watumiaji wanashirikishwa, na kwa hesabu ya ujumbe walisema kweli. Wauguzi wakaacha kutuma picha. Walirudi kwenye ukingo wa karatasi.

Silaumu WhatsApp. Iko kwenye kila simu, na mimi mwenyewe napokea malalamiko kwa njia hiyo kila siku. Lakini WhatsApp inafaa kuwa mlango. Lazima ndani ya mlango awepo mtu anayechukua kila neno, analipatia namba, na kuirudisha namba hiyo kwa mwenyewe: "Sista, lako ni namba hii, nitakujulisha." Mtu huyo ni wa lazima, na mara nyingi bajeti ya mradi haina mstari wake. Fedha za seva zipo, za warsha zipo, za fulana zipo. Za mtu wa kusoma na kujibu hazipo.

Wewe unayeendesha mradi wa namna hii, uwe wa wizara, wa kaunti au wa shirika, nina ombi la kufanyika wiki hii. Fungua daftari lenu, panga tiketi kwa tarehe, na uitazame iliyo kongwe kuliko zote ambayo bado iko wazi. Isome mpaka mwisho. Kisha amua: ifanyieni kazi, au ifungeni na muandike sababu kwa Kiswahili ambacho aliyeiripoti atakielewa. Halafu mpigie simu umwambie. Ukimaliza hiyo, shuka kwenye inayofuata.